Harusi za Jumamosi ya mwisho kabla ya Majivu

Swali lenu la wiki hii limeuliza hivi: je, makanisa yamezidisha shughuli kabla ya Kwaresima, mpaka watu wanaingia kwenye mfungo wakiwa wamechoka? Nilipolisoma nikasema ndiyo, zimezidi, nikataka kuwaandikia mstari mmoja niendelee na kazi zangu. Lakini limenikaa moyoni tangu juzi, kwa hivyo niwieni radhi, nitaandika marefu.

Mimi ni wa ACK, Kanisa la Anglikana, hapa Malindi, na wanaosali kwetu wanajua Januari na Februari zilivyo. Krismasi ikipita tu matangazo ya Jumapili yanaanza kurefuka. Mothers' Union (MU), yaani akina mama, wana semina, KAMA, chama cha wanaume, wanataka kukaa na vijana wa kiume, KAYO, chama cha vijana, wana mechi na mkesha, kwaya wanaenda kurekodi, watoto wa Sunday School wanataka hela ya basi, na harambee haikosekani, ikiisha ya paa inakuja ya kiwanja. Sisemi kanisa gani, nasema parokia kwa jumla, hata wenzetu wa makanisa mengine wanalalamika vilevile. Kila kitu kinataka kiishe kabla ya Jumatano ya Majivu, manake zikianza zile siku arobaini ukiacha Jumapili, hakuna tena sherehe. Mwaka huu wa 2026 Majivu ni tarehe 18 Februari, mwaka jana ilikuwa 5 Machi, kwa hivyo yote yamebanwa kwenye wiki chache tena watu bado wanahangaika na karo ya Januari. Mama anayeuza mahamri hapa mtaani Kisumu Ndogo anapewa kadi tatu za mchango Jumapili moja. Hapo ndipo nilisema zimezidi, na hilo bado nalisema.

Lakini kuna shughuli moja ambayo mtu akiniambia ipunguzwe nitagombana naye. Harusi.

Kwetu hakufungwi harusi Kwaresima. Ukichelewa, unangoja mpaka Pasaka ipite. Ndo maana Jumamosi za mwisho kabla ya Majivu kunakuwa na harusi za pamoja, jozi nyingi kwa ibada moja, na wengi wao si vijana. Ni wazee wetu walioishi pamoja miaka na miaka, wana watoto, wana wajukuu, ila hawajawahi kusimama mbele ya madhabahu, na kwa sababu hiyo hawaji mezani pa Bwana. Wengine wakienda kupokea mkate na divai, wao wanavuta miguu pembeni kwenye benchi kupisha watu.

Mamkubwa wangu, dada wa mama yangu, alipisha watu hivyo tangu mimi niko mdogo. Yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya madhabahu, anavipiga pasi ya makaa nyumbani kwake Maweni, anavirudisha vimekunjwa vizuri Jumamosi jioni, kisha Jumapili mkate ukiwekwa juu ya vile vitambaa yeye hali. Sikuwahi kumsikia akinung'unika. Niliyekuwa nikinung'unika ni mimi.

Kilichowazuia ni mahari. Bamkubwa, mumewe, alitoa sehemu, mbuzi wawili na kadzama, ile pombe ya mnazi ya mahari, vikabaki, halafu ukaja ukame, halafu wakaja watoto, na deni la mahari usipolilipa mapema unazoea kuishi nalo. Mwaka jana binti yao mdogo akachumbiwa. Wazee wa upande wa mamkubwa, kule Kakoneni, wakasema huyu mtoto hawezi kutolewa mahari wakati ya mama yake haijaisha. Nadhani hapo ndipo bamkubwa alipoona aibu, akaenda mwenyewe kwa kasisi kuandikisha majina. Hakumwambia mtu. Tulisikia majina yao kwenye matangazo kama watu wengine wote, mamkubwa ameketi pale na kanga yake ya MU, akainama hakuinua kichwa mpaka ibada ikaisha.

Tangazo la kwanza likasomwa, la pili likasomwa. Matangazo ya ndoa ni matatu, yaani hesabu zilikuwa zimekaa sawasawa na Jumamosi ya tarehe 1 Machi, hakuna hata wiki moja ya kuchezea. Sasa kabla ya tangazo la tatu ikaja simu kutoka Kakoneni kwamba wazee wana pingamizi. Si kwamba hawataki, wanataka sana, ila mbuzi wale waonekane na kadzama inywewe kwa utaratibu, si kwa hela kwenye simu. Na kanisani kwetu mambo ya mnazi mnajua yalivyo, hakuna kasisi atakayesimama kusema nendeni mkanywe.

Kwa hivyo tukaenda. Ile barabara ya kwenda Sala Gate, jua kali la mwisho wa Februari, mimi na bamkubwa na kijana wao mkubwa anayefanya kazi ya boti Watamu, na katekista mmoja akaamua kuja nasi kwa hiari yake. Yule katekista simsahau. Tulipofika akawasalimu wazee mmoja mmoja kwa Kigiriama, akaomba wampe kiti chini ya mwembe mbali kidogo, akapasuliwa dafu, akakaa pale na karatasi yake ya kutiwa sahihi kama mtu ambaye hana safari nyingine siku hiyo. Hakuhubiri. Wazee walikunywa kadzama yao kwa utaratibu wao, polepole, wakikumbushana nani alioa nani na mbuzi gani alitoka wapi, kuna mzee mmoja alitaja mpaka rangi ya mbuzi wa kwanza ambaye bamkubwa alimleta enzi hizo. Saa zikaenda. Mimi nilikuwa natetemeka kwa hasira, nikiangalia simu, nikiwaza tangazo la tatu.

Halafu yule mzee mkubwa kabisa akasema maneno kwa sauti ndogo tu, kwamba wao hawakuwa wakimdai mkwe wao mbuzi, miaka yote hiyo walikuwa wakingoja aje akae nao. Bamkubwa akalia. Mtu mzima, mwenye wajukuu, analia mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mzee akaita lile karatasi, katekista akaja nalo, wakatia sahihi, wengine dole gumba. Tulirudi Malindi usiku.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaoandika kuhusu kanisa na mila wanaandika kama vile ni lazima mmoja amshinde mwenziwe. Injili imekuwa hapa Pwani tangu mmisionari Krapf afike Mombasa 1844 na kuanza kazi Rabai, na bado kuna watu wanafikiri Mgiriama akitaka kufunga ndoa vizuri inabidi aache wakwe zake mlangoni. Mimi niliona kwa macho yangu, ndoa ile kanisani ilifungika kwa sababu ya siku moja ya kukaa chini na wazee.

Basi ikabaki kupika. Mwaka jana, kama mnakumbuka, Ramadhani iliingia wikendi ileile. Jirani wa mamkubwa, bibi mmoja wa Kiislamu ambaye wamekaa ukuta kwa ukuta tangu zamani, alikuwa ameahidi atapika pilau, tena sufuria zake kubwa zilikuwa nje tayari kwa sababu wiki hiyo kwao walikuwa wakivunja jungu, ile karamu ya kabla ya mfungo. Sisi tulidhani mwezi utachelewa. Ijumaa usiku ikawa Saudia mwezi umeonekana, na yeye ni katika wale wanaofuata huo, kwa hivyo Jumamosi ya harusi alikuwa amefunga. Mamkubwa akamwambia mwenzangu pumzika, tutafute mtu mwingine. Akakataa kabisa. Alipiga moto baada ya swala ya alfajiri, akakaanga vitunguu, akatia nyama, kila mara ananiita, njoo mwanangu onja chumvi, naonja namwambia bado kidogo bi mkubwa, anaongeza. Mpaka inafunikwa yeye hajatia kitu mdomoni. Watu wakila mchana wanasifu pilau, wapishi wengine wakapewa shukrani kwenye spika, yeye ameshaenda kulala kungoja magharibi.

Na ibada yenyewe? Ilikuwa ndefu na joto jingi, maharusi karibu jozi kumi wamepangwa mstari, wengine wanasaidiwa kusimama na wajukuu. Mamkubwa alivaa gauni la kitenge ambalo Mothers' Union walimshonea. Alipoulizwa kama anakubali alijibu haraka mpaka kasisi akatabasamu. Vigelegele hapo havikusimamika.

Jumatano ya Majivu tulikwenda ibada ya jioni. Akapakwa majivu kwenye paji la uso, majivu ambayo yametokana na misalaba yetu wenyewe ya Jumapili ya Matawi, ile tunayosuka kwa majani ya mnazi na kuichomeka juu ya mlango mwaka mzima hadi inakauka. Ikafika wakati wa kwenda mezani. Kwa mara ya kwanza hakuvuta miguu kupisha, alisimama, akaniuliza kwa kunong'ona mikono inawekwaje, wa kulia juu au wa kushoto. Mtu aliyefua vile vitambaa miaka yote.

Sasa nikirudi kwenye swali lenu naona nina shida. Nilianza kwa kusema shughuli zimezidi, lakini nikizihesabu zile zilizomfikisha mamkubwa pale, ni zilezile. Gauni lilitoka MU, na semina ile niliyoisema ndiyo waliyogawiana vitenge. Mbuzi mmoja alinunuliwa na KAMA baada ya bamkubwa kuhudhuria kikao chao. Tenti zilipigwa na KAYO. Na hela ya nauli, vyeti na mchele ilitoka kwa kadi za mchango, hizohizo ninazolalamikia, na sina shaka mama fulani wa mahamri aliweka shilingi mia yake mle.

Kwa hivyo jibu langu ni hapana, hazijazidi, ila nina masharti. Kadi zisigawiwe tatu kwa Jumapili moja, na kiasi cha mtu kisisomwe kwa jina mbele ya kanisa, hilo linawafukuza maskini na nimeona likiwafukuza. Harambee za majengo zingoje baada ya Pasaka, jengo halina haraka. Harusi za pamoja zianze kupangwa Novemba, ili wazee wa mashambani wafuatwe mapema, watu wasikimbizane na tarehe kama sisi. Dayosisi yetu tangu iwe peke yake mwaka 2015 inafika Tana River mpaka Lamu, na wa kutoka huko hawawezi kufanya mambo haya kwa wiki tatu. Na ile Jumanne ya kabla ya Majivu, ambayo Waingereza hula pancake na sisi tuna chapati zetu za maji, chakula kiwe cha mchana na majirani waalikwe, manake mwaka huu tena mwezi unatarajiwa kuandama siku hizohizo.

Kuna jambo moja ambalo sina jibu lake. Bamkubwa alikubali. Nawajua akina mama ambao wanaume zao hawataki kusikia habari ya kanisa, mahari imeisha au haijaisha, na hao wataendelea kupisha watu kwenye benchi Majivu hii na Pasaka hii bila kosa lao. Harusi za pamoja haziwasaidii hao hata kidogo. Nimemuuliza kasisi mmoja, akasema ni jambo la maaskofu. Basi maaskofu walizungumze, tena walizungumze na hao akina mama wakiwemo chumbani.

Mimi Jumamosi ya tarehe 14 nitakuwa jikoni. Sufuria za jirani tumeshaahidiwa, safari hii tumekubaliana vitunguu vikaangwe Ijumaa usiku.