Ukomo wa kilo 20 kwenye ndege za majini Maldivi: ni kweli, na fungeni hivi

Mkuu, umeuliza kama zile kilo 20 za begi na 5 za mkononi mlizoandikiwa kwenye ndege ya majini, ile ndogo inayoruka na kutua baharini kuwapeleka hoteli ya kisiwani Maldivi, zinafuatwa kweli, maana ndege kubwa imewapa mabegi mawili ya kilo 23 kila mmoja. Zinafuatwa. Nimefanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya kisiwani huko, na wageni wengi waliofika wamekasirika, chanzo kilikuwa mizigo.

Ndege zenyewe ni Twin Otter, injini mbili, abiria kama 15. Toleo la 300 halitakiwi kuzidi takriban kilo 5,670 linapoondoka, na humo kuna mafuta, watu, mizigo na yale maboya mawili ya chini. Sasa kuruka majini si sawa na kuruka kwenye lami. Maji yanaivuta ndege nyuma, mpaka ipate kasi ya kutosha maboya yapande juu na kuteleza, ndipo inanyanyuka. Siku ya joto isiyo na upepo, bahari imelala kabisa, ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu hakuna viwimbi vya kusaidia maboya kubanduka. Siku hiyo hata kilo 50 za ziada rubani anazihisi. Kwa hiyo mtu wa kaunta akikataa, msibishane naye.

Pale Velana, uwanja mkuu wa ndege wa Maldivi, mtapimiwa kila kitu, mkoba wa shemeji pia. Mkizidisha mnalipia kwa kilo, ila kulipa si hakikisho kwamba begi litapanda pamoja nanyi. Uzito ukitimia, linabaki kusubiri ndege nyingine, na hizi ndege haziruki gizani. Niliwahi kumpokea mama mmoja jioni, begi lake likaja kesho yake asubuhi, na dawa zake za presha zilikuwa humo ndani. Usiku ule tulihangaika sana. Tafadhali dawa, miwani, chaja na nguo za kubadilisha ziwe mkononi.

Acheni sanduku gumu. Tupu tu linaweza kula kilo 4 au 5. Chukueni begi laini, ndilo linaloshindilika vizuri nyuma ya ndege. Viatu jozi moja inatosha, visiwani watu wanatembea peku hadi mezani. Pombe msibebe kabisa, forodha wanaizuia mpaka siku ya kuondoka. Kama mna mizigo ya kuendelea nayo kwingine, pale uwanjani kuna huduma ya kulipia ya kuhifadhi mabegi.

Halafu angalieni saa ya kutua. Mkifika Velana baada ya saa tisa na nusu alasiri hivi, kuna uwezekano mkubwa mlale Malé, mji mkuu, au Hulhumalé, kisiwa cha jirani, na kuruka asubuhi, kwa gharama zenu. Watumieni hoteli namba ya ndege yenu mapema, wao ndio wanaowawekea nafasi.