Barua kwa mwanangu anayetaka kuanza peke yake

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda kwenye kikoba. Unauliza uache kazi mwezi wa saba uanze biashara yako ya unga wa lishe peke yako, au umsubiri mwenzako uliyesoma naye apate fedha yake muanze wawili. Halafu ukaongeza: "Mama, usiniambie la kufanya, niambie tu wewe uliogopa nini." Haya.

Kuanza biashara ya dagaa sikuogopa. Baba yenu alikuwa ametangulia, nyinyi mnataka kula, nafasi ya kuogopa ningeitoa wapi? Hofu ilinikuta mbele ya safari, kule kisiwani Ukara, mtaji wote ukiwa umeanikwa mchangani.

Unajua dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, na bei pale Mwaloni Kirumba, sokoni Mwanza, inapanda. Kwa hiyo giza lilipokaribia kwisha nilinunua kwa kila shilingi niliyokuwa nayo, nikaanika alfajiri. Jua likikaza, jioni unakusanya, unafunga magunia. Saa nane mvua ikaingia kutokea ziwani. Kila mama alikuwa na dagaa wake wa kuokoa. Mwenye mume au watoto wakubwa alivuta turubai na watu wake. Mimi nilishika pembe moja, upepo ukashika ya pili. Wakalowa. Kesho yake wamebadilika rangi, wananuka, na mnunuzi wa chakula cha kuku amenisimamia anataja bei, anataka jibu pale pale.

Nilitazama kushoto na kulia nimpate wa kumwambia "tufanyeje?" Hakuna. Kubeba magunia, kukesha, kulala kwenye mitumbwi, yote hayo niliyaweza. Dakika ile ndiyo iliyonikata maini.

Niliuza. Aliyoyasema baba yako mdogo kuhusu wanawake na biashara, sebuleni, mbele ya wageni, unayajua. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika sinia la chai. Mpaka leo hayajanishuka kooni.

Lakini ngoja, usije ukadhani nakuambia msubiri mwenzako. Maana aliyeniinua hakuwa mbia wangu. Ni yule bibi yenu wa Mwaloni, na hatuna naye udugu hata wa mbali. Alisikia yaliyonipata, akaniita, akanionyesha magunia yake ya dagaa wakavu: "Chukua mali kauli, ukiuza uniletee." Hakuniandikisha popote. Alikuwa ameniona siku zote nikiandika hesabu kwenye daftari na kurudisha chenji ya watu ilipozidi. Nilitoka Kirumba mpaka nyumbani kwa miguu nikilia kwa furaha, watu wananishangaa. Sasa siku ile nilikuwa peke yangu au sikuwa? Nimejiuliza hivyo miaka mingi.

Wewe ukisajili jina la biashara kule BRELA, kwa wasajili wa biashara, ukiwa mmiliki pekee, deni la biashara ni deni lako, litakufuata mpaka kwenye makochi. Mkiwa wabia, deni alilolileta mwenzako kwa jina la biashara linaweza kukudondokea wewe. Kote kuna pa kuumia.

Mtaji hauliwi. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo na nakuambia tena: mtaji hauliwi. Najua utanijibu, "Mama, ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka wapi?" Ilitoka kwenye mtaji, ndiyo, na ningeitoa tena. Basi hauliwi ila kwa ada. Na kwa ugonjwa. Lakini kodi ya nyumba na nauli zako za kila siku vitengee fedha yake kabla hujaacha kazi, usije ukaanza kuchota kwenye fedha ya kununulia karanga za unga wako.

Na hapo kwenye karanga ndipo ninapokosa usingizi, ingawa hukuniuliza. Unazikaushia wapi? Unahakikishaje zimekauka? Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na karanga nazo hupata kuvu hilo hilo zikikaa na unyevu. Unga wako utaliwa na watoto wadogo. Nashukuru SIDO, wale wa viwanda vidogo, wamekupa mafunzo, na nembo ya ubora ya TBS utaihangaikia uipate. Ila itakuja siku gunia limeingia na unyevu, mteja mkubwa anapiga simu anataka mzigo kesho, na fedha imeisha. Nani atakuwa karibu wa kukuambia lirudishe? Huyo mtafute kabla ya mashine ya kusaga, awe mbia wako au asiwe. Anaweza kuwa mama wa dukani, au fundi wa mashine, mradi awe mtu asiyeogopa kukukasirisha.

Umenikataza kukuamulia, nami nimejizuia barua nzima, na si kwa urahisi. Mwenzako huyo alipokuja hapa Krismasi nilimtazama sana. Niliyoyaona ninayo. Ukiniuliza nitakueleza, usipouliza nitanyamaza.

Nitumie picha ya chumba unachotaka kukodi, hasa sakafu na paa, na uniambie mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo. Akisema mwaka mzima usilipe kabla hatujazungumza.

Mama yako