Mpe Mwiko Kabla ya Kumpa Dhambi

Mhusika mkuu asiye mwema si jambazi aliyeongezewa kurasa. Jambazi wa hadithi yupo ili azuie safari ya mwenzake. Huyu wetu ndiye mwenye safari, na msomaji anatembea naye bega kwa bega huku akimwona anavyochafua njia. Kwa hiyo usihangaike kumfanya apendwe. Msomaji anachohitaji ni kuifuata hesabu yake: anataka nini, njia gani ameiona, na jambo gani ameapa hatalifanya kamwe.

Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo linalobeba hadithi. Asiye na mwiko hana pa kuanguka. Ukurasa wa 10 amedanganya, wa 40 ameiba, wa 90 ameua, na msomaji anapiga miayo kwa sababu hakuna mpaka aliouona ukivukwa. Kabla ya sura ya kwanza andika sentensi 3 tu: anachokitaka, mwiko wake, na uongo anaojiambia ili apate usingizi. Mwiko uwe wa kushikika. "Hapendi kuumiza watu" hausaidii kitu. "Hamwibii mfiwa" unafaa, maana sasa unajua pa kumpeleka: msibani, chumba kitupu, mkoba wa rambirambi uko wazi.

Tumtazame mkusanya madeni. Rasimu ya kwanza huja hivi: anaingia kwa mjane, anafoka, anabeba cherehani, kisha akiwa nje anamtupia paka aliyekonda kipande cha mkate. Huyo paka ni wa mwandishi. Kaletwa kuomba huruma, na wema wenyewe hauhusiani na kazi ya mtu huyu. Mpe mhusika yeyote paka huyo na hakuna kitakachobadilika. Jaribu hivi:

"Alizungusha gurudumu la cherehani mara mbili, akatega sikio. Chini ya sindano palikuwa na sare ya shule, mkono mmoja bado haujashonwa. Akaichomoa taratibu isichanike, akakata uzi kwa meno, akaikunja na kumkabidhi mama. Kisha akainama, akaibeba mashine."

Hakufoka wala hakusikitika. Adabu, ustadi na ukatili vimetoka kwenye mikono ile ile, ndiyo maana tukio linauma. Mwiko nao umeshachungulia bila kutajwa: hagusi kisichoandikwa kwenye deni. Sura kadhaa mbele, mjane akiwa hana tena cha kuchukuliwa, huku tajiri aliyemtuma mkusanya madeni akidai salio, utajua pa kumbana.

Ustadi, kwa njia, usiucheleweshe. Watu hupenda kumtazama anayeijua kazi yake, hata kazi yenyewe ikiwa haramu. Tukio la kwanza limwonyeshe akifanya jambo ambalo wengine hawaliwezi.

Baada ya hapo panga matendo yake 4 au 5, kutoka jepesi hadi zito, na kila moja lizaliwe na lililotangulia. Ameiba, anadanganya kuficha wizi, aliyeugundua uongo anatishwa, aliyekataa kutishika ndiye anayeumizwa. Kipimo ni rahisi: ukiweza kubadilishana nafasi ya tendo la 2 na la 4 bila hadithi kuyumba, basi umepanga orodha, hujajenga ngazi. Mwiko uvunjwe karibu na robo tatu ya hadithi. Ukiuvunja mapema, ujue umechagua kuandika kuhusu matokeo, nayo ni kazi halali. Raskolnikov, mhusika mkuu wa Dostoevsky katika riwaya ya 1866, Crime and Punishment, anaua katika sehemu ya kwanza kati ya sita. Tena angalia kinachoharibika pale: alikuwa na nadharia nzima ya kuhalalisha kifo cha mkopeshaji, halafu dada wa marehemu akaingia mlangoni na kuuawa pia. Huyo hakuwemo kwenye hesabu. Mpe mhusika wako mtu wa namna hiyo.

Utoto wa mateso? Futa. Ukishindwa, acha sentensi mbili, na zije baada ya tendo. Maelezo yakitangulia kosa yanasomeka kama utetezi wa wakili. Kosa jingine ni kuwafanya watu wote wanaomzunguka kuwa wabaya zaidi ili yeye ang'ae. Anayeumizwa awe na jina, kazi yake, na angalau hoja moja ambayo mhusika hana jibu lake.

Nafsi ya kwanza humpa mtu huyu nafasi ya kudanganya, lakini uongo bila ushahidi ni siri ya mwandishi peke yake. Akisema "nilimsukuma kidogo", tukio linalofuata mtu huyo awe na bendeji mkononi, na msimulizi apite bila kuigusa. Ukitumia nafsi ya tatu, pitia rasimu ufute kila mahali msimulizi anapomtetea: "moyoni hakuwa mtu mbaya", "hakuwa na njia nyingine". Sentensi hizo zikiwa kichwani mwa mhusika ni sawa. Zikitoka kwa msimulizi, msomaji anakosa kazi ya kufanya.

Mwisho wake, gharama ilipwe kwa kile alichokithamini. Aliyetaka heshima, gereza si adhabu kama bado anaamkiwa kwa heshima humo ndani. Na hotuba ya toba ya kurasa mbili iondoe. Mkusanya madeni wetu akirudisha cherehani, mjane awe ameshanunua nyingine kwa mkopo.

Ukimaliza, andika ukurasa mmoja wa tukio lile lile kwa macho ya mjane. Usiuingize kwenye kitabu. Ukiona una nguvu kuliko sura uliyoandika, rudi kwenye sura, utafute ni wapi ulimwonea aibu mhusika wako ukamfunika.