Jibu: Kuipa dispansari ya Katuba jina la mama mkunga wetu

Jambo ndugu. Nimekuelewa: mulipeleka barua kwa gavana na sahihi za watu wa kartie (mtaa), sasa ni kimya, na munataka jina lipite kwa sheria.

Kwanza kabisa, uliza nyumba ni ya nani. Hapa Lubumbashi dispansari inaweza kuwa ya serikali, ya paroasi (kanisa), ao ya Gécamines, kampuni ya migodi. Kama si ya serikali, bunge la jimbo halina cha kufanya. Ongeeni na mwenyewe. Angalia karatasi za kiwanja, usisikilize tu maneno ya mlinzi.

Kama ni ya jimbo, acha kungojea gavana. Katiba ya Kongo ya 2006 inapatia bunge la jimbo nguvu ya kutunga sheria zake, zile tunaita edi, na depite (mbunge) mmoja anaweza kuleta pendekezo. Sisi, kwa jina letu, tulimtafuta depite wetu tukiwa na maandishi tayari: jina kamili, kazi aliyofanya, barua ya familia inayokubali. Hii ya familia musiisahau, wajomba wakigombana mbele ya komisyo (kamati) ya bunge mambo yanalala. Gharama ya kibao tuliisema wazi kwamba tutachanga wenyewe. Epukeni kikao cha Septemba, pale bajeti inameza kila kitu.

Edi ikipita, gavana ndiye anaitangaza; fuatilieni hapo pia.

Lakini anzeni kulitumia jina mudomoni leo. Hospitali ya Jason Sendwe hapa mjini, nani anaitaja jina lote? Tunasema tu "niko ku Sendwe".