Umepata kazi ya kuhesabu yadi kwenye futiboli ya chuo Marekani? Soma hii kwanza

Wadogo zangu mliofika juzi juzi huku Marekani kusoma, nimeona wengi mnaulizia ile kazi ya takwimu kwenye idara ya michezo ya chuo, mnataka kujua ikoje na kama mtu ambaye hajakulia kwenye futiboli yao, ule mpira wa kubeba mikononi, anaiweza. Anaiweza. Mimi niliingia sijui hata mpira unashikwaje, kwetu mtu akifunga goli uwanja mzima umeona, basi imeisha. Huku nimefanya misimu minne na ninachowaambia ni kwamba kuhesabu mtazoea baada ya mechi tatu nne hivi, sehemu ngumu ni siku mchezaji wenu anapokaribia rekodi ya chuo, hapo ndo utajua kama kazi unaijua au hujui.

Kwa asiyeelewa kabisa: timu inasogeza mpira kwa yadi, yadi moja ni kama sentimita 91, na kila anayebeba mpira anaandikiwa yadi alizosogea, yadi nzima nzima, hakuna nusu. Zinajumlishwa za mechi, za msimu, za miaka yake yote chuoni. Na kila chuo kina kitabu chake cha rekodi. Hicho kitabu usikichukulie poa. Hapa chuoni kwetu kuna mzee kacheza zamani sana, jina lake liko namba tatu kwenye orodha moja, na kila Septemba anapita ofisini kusalimia na kuuliza kama bado yuko namba tatu. Kwa hiyo unapobadilisha namba moja kwenye ile kompyuta ujue kuna mtu ana maisha yake pale.

Sasa jambo la kwanza ambalo mimi nilichelewa kulijua. Usiseme rekodi imevunjwa kabla hujauliza ile rekodi ya zamani ilihesabiwa kwa sheria gani. Mpaka 2001 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, walikuwa hawaingizi mechi za boli kwenye takwimu rasmi, zile mechi za mwisho wa msimu zenye majina kama Las Vegas Bowl na Fiesta Bowl. Kuanzia msimu wa 2002 wakaanza kuziingiza, lakini za nyuma hawakurudi kuzirekebisha. Ona kilichotokea: Ron Dayne wa chuo cha Wisconsin alimaliza 1999 akiwa na yadi 6,397 rasmi za kukimbia na mpira. Mwaka 2016 Donnel Pumphrey wa San Diego State akafika 6,405, na alimpita kwenye hiyo hiyo Las Vegas Bowl. Tofauti ni yadi nane. Lakini ukimjumlishia Dayne mechi zake za boli anafika 7,125. Kwenye kitabu cha NCAA wa kwanza ni Pumphrey, ila mtu wa Wisconsin mwambie hivyo uone. Mimi naona Pumphrey hana kosa lolote, alicheza mechi alizopangiwa, lakini sisi tunaoandika tuna wajibu wa kuandika namba zote mbili na kueleza kwa nini zinatofautiana, ukiandika moja tu unamdhulumu mmoja wao.

Na vyuo vyenyewe havifanani kwenye hili. Vingine kwenye vitabu vyao vimeingiza boli za zamani, vingine vimefuata NCAA. Kwa hiyo wiki ya kwanza kazini kamuulize bosi wako, kitabu chetu kinahesabu boli za kabla ya 2002 au hakihesabu? Akikujibu andika jibu, bandika ukutani.

Mfano mwingine ambao naupenda na kila mwaka nawaelezea wapya ni wa Barry Sanders na Ashton Jeanty. Sanders, Oklahoma State, 1988, alikimbia yadi 2,628 kwenye mechi 11. Kumi na moja tu. Halafu akaenda Holiday Bowl akaongeza 222 ambazo rasmi hazipo, zingekuwepo angekuwa na 2,850. Ikapita miaka 36. Msimu wa 2024 Jeanty wa Boise State akaja na moto, kila wiki watu wanapiga hesabu, akafika Fiesta Bowl tarehe 31 Desemba akiwa na 2,497, maana yake alihitaji 132 ampite Sanders. Penn State wakamjazia watu mbele, akabeba mpira mara 30 akapata yadi 104, na timu yake ikafungwa 31 kwa 14. Akaishia 2,601. Kapungukiwa 27 kumfikia.

Mnaona mambo mawili hapo. Jeanty amecheza mechi 14 na hiyo ya Penn State imehesabiwa, Sanders mechi 11 na boli yake haikuhesabiwa, kwa hiyo hata Jeanty angepita bado pangekuwa na mazungumzo. Lakini pia msimdharau Jeanty, kuna watu walikuwa wanasema ooh angepita ingekuwa rekodi ya kupewa, mimi nakataa kabisa, kubeba mpira mechi 14 ukiangushwa na watu wa kilo 130 si kitu cha kupewa, na kila timu iliyokutana naye ilikuwa imejiandaa kwa ajili yake yeye tu.

Hiyo ya idadi ya mechi muishike sana kwa sababu itawarudia kila siku. Msimu wa kawaida ulikuwa mechi 11, tangu 2006 ni 12, ukiongeza fainali ya ligi na boli na mtoano wa ubingwa inazidi hapo. Wa mwaka wa kwanza walianza kuruhusiwa kucheza timu kubwa 1972, kabla ya hapo mtu alikuwa na misimu mitatu tu ya kukusanya yadi zake. Halafu msimu wa korona wa 2020 haukuhesabiwa kwenye miaka ya mchezaji, ndo maana wengine wamecheza misimu mitano mpaka sita. Ukiweka majina ya 1965 na ya 2023 kwenye orodha moja bila kuandika idadi ya mechi pembeni, unakuwa hujamwambia msomaji kitu.

Wanaohama je? Rahisi: rekodi ya chuo ni ya miaka aliyochezea chuo hicho. Dillon Gabriel alipita UCF, Oklahoma na Oregon akakusanya yadi za kurusha pasi zaidi ya 18,000 jumla, ila zimegawanyika vyuo vitatu. Case Keenum yadi zake 19,217 za kurusha zote ni za Houston. Kwa NCAA wote wanajumlishiwa, kwenye kitabu cha chuo hapana.

Jambo la pili, na hili ni la siku ya mechi. Mjue rekodi KABLA, na muhakikishe benchi wanajua. Novemba 2020 Jaret Patterson wa Buffalo alikimbia yadi 409 dhidi ya Kent State, akafunga tachidauni nane (kufikisha mpira mpaka mwisho wa upande wa wapinzani, ndo goli lao), hizo nane zilifikia rekodi ya taifa, na rekodi ya yadi kwa mechi moja ilikuwa 427 ya Samaje Perine wa Oklahoma, 2014. Pungufu ya 18. Timu inaongoza kwa mbali, kocha akampumzisha, na baadaye akasema hakujua kama dogo yuko karibu hivyo. Inawezekana hata angejua angemtoa, kuumia kupo na hilo ni la kocha kuamua, lakini angalau aamue akijua! Kwa hiyo ofisini kwetu kila Ijumaa tunachapa karatasi moja, jina, rekodi, anachohitaji kuifikia, anachohitaji kuivunja, nakala moja inakwenda kwa mtu wa benchi mwenye hedifoni. Karatasi moja tu, ukiwapa kurasa tano hakuna atakayesoma.

Sasa niwaeleze kosa langu, msije mkalirudia.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani, siku ya kuwaaga wa mwaka wa nne. Mkimbiaji wetu alihitaji yadi 97 kuvunja rekodi ya chuo ya yadi za kukimbia za miaka yote ya mchezaji. Kule juu kwenye chumba cha takwimu tulikuwa wanne, mmoja ana darubini anasoma namba za jezi, mmoja anaita kwa sauti, mimi kwenye kompyuta, mwingine anaandika kwa mkono kwenye karatasi kama akiba. Kota ya tatu (mechi ina kota nne) dogo ana 70. Akapewa mpira, akapasua katikati, akatoka pembeni, uwanja wote umesimama, kaangushwa baada ya yadi 38. Mwenye kuita kasema thelathini na nane, nimeingiza thelathini na nane, jumla 108, mtangazaji wa uwanja anaona skrini ile ile niliyonayo mimi, hapo hapo akatangaza rekodi imevunjwa. Watu wamelipuka. Mama yake alikuwa amesafiri kuja kwa ajili ya siku hiyo, kamera ikamwonyesha kwenye skrini kubwa amejifunika uso na skafu.

Kitambaa cha njano, kile refa anachorusha akiona kosa, kilikuwa chini muda wote. Mmoja wetu alimshika mpinzani, kosa lilifanyika yadi 11 mbele ya pale mpira ulipoanzia. Na sheria ya takwimu iko wazi, kosa la timu yako likifanyika mbele huko na adhabu ikapimwa kuanzia pale, mkimbiaji anapewa yadi za mpaka pale lilipofanyika, zilizobaki hazipo, hata kama kazikimbia kwa miguu yake na watu elfu ishirini wameziona. Kwa hiyo si 38, ni 11. Jumla si 108, ni 81. Bosi aliliona kabla yangu, akanigusa bega akasema rekebisha. Nimerekebisha mikono inatetemeka. Mtangazaji ikabidi arudi hewani aseme samahani. Akaongeza yadi tisa tu mpaka mechi inaisha, 90, amebakiza saba.

Kwa hiyo mkono usiguse kitufe mpaka refa amalize kueleza adhabu, sijali mtangazaji anapiga kelele kiasi gani kwenye simu ya ndani. Kama kuna kitambaa chini, mwenye kuita aseme "kitambaa" kabla hajasema yadi. Na anapokuwa karibu na rekodi mtangazaji asitegemee skrini, asubiri mtu wa takwimu amwambie kwa mdomo kwamba imethibitishwa. Hizo ndo taratibu tulizoziweka baada ya siku ile na mpaka leo zinafuatwa.

Kuna vingine vidogo mtajifunza humo humo: kwenye futiboli ya chuo kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akiangushwa kabla hajarusha zile yadi zinakatwa kwenye yadi zake za kukimbia, tofauti na NFL, ligi ya kulipwa, kwa hiyo kwotabeki anaweza kuikaribia rekodi kota ya pili na kuwa mbali nayo tena kota ya nne. Akipiga goti kumalizia muda zinaandikwa kwa timu, si kwake. Na mtu asikubembeleze umwongezee yadi moja, awe kocha msaidizi, awe rafiki yako wa hosteli, yadi ile unamnyang'anya yule mzee wa namba tatu.

Rekodi aliivunja wiki iliyofuata, ugenini, mvua ya baridi, uwanja nusu mtupu. Mara ya kwanza kabeba yadi tatu, mara ya pili tano, ndo hiyo. Mama yake hakuwepo. Jumatatu akaja ofisini, sikujua ataniambia nini, akaomba kuona karatasi ya mechi ya nyumbani, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye ile 11, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Halafu akaomba tumtolee kopi ya ukurasa wa mechi ya ugenini, ule wenye yadi tano, amtumie mama.