Mukuru walianza na nyumba kumi kumi

Ndugu, umeuliza kama wakaazi wa mabanda wanaweza kuupanga mtaa wao bila kufurushwa. Angalia Mukuru, eneo la mabanda jijini Nairobi. Mwaka 2017 kaunti ililitangaza eneo maalum la upangaji, na ujenzi mpya ukasimamishwa kwanza mpango uandaliwe. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakaazi wa mabanda ambalo liko tangu 1996, halikutegemea baraza moja kubwa (huko husikika wenye sauti tu). Nyumba kama kumi zilikaa pamoja, zikachagua mtu wao, hivyo hivyo hadi juu. Kazi ngumu ni hapo chini: barabara ikipanuliwa, kibanda cha nani kinarudi nyuma? Wewe anza na majirani wa ploti yako, mzungumzie maji na choo. Mambo ya hati za ardhi yatawachelewesha.