Jibu kuhusu kumchagua msanifu wa kurudisha uwanja wa gofu wa zamani

Ndugu, nimeelewa kwamba kamati yenu hapa Lubumbashi inataka kuurudishia uwanja wa gofu sura yake ya awali, nanyi mnasita kati ya msanifu mwenye jina kubwa na yule wa bei nafuu. Mimi nisingeanza na jina wala bei. Ningemwuliza kila mmoja atategemea ushahidi gani, yaani ramani za kwanza, picha zilizopigwa kutoka ndegeni na kumbukumbu za wazee waliouhudumia uwanja, kwa sababu asiyejali habari hizo atawajengea uwanja wake mwenyewe. Wasanifu wa viwanja vya gofu Bill Coore na Ben Crenshaw, walipourudisha uwanja wa Pinehurst No. 2, uliosanifiwa na Donald Ross, nchini Marekani mwaka 2010 na 2011, waliongozwa na picha za angani za zamani, wakaondoa nyasi nyingi na kuufunua tena mchanga wa asili.

Hata hivyo, udongo wetu mwekundu si mchanga wa Pinehurst, na mvua za Novemba hadi Machi hunyesha kwa nguvu. Kwa hiyo mhandisi wa maji apime mitaro kabla hamjatia saini. Malipo yafuate hatua za kazi, na mwanasheria ausome mkataba, hasa kuhusu umiliki wa michoro.